Saa Zinazopotea Njiani

Kidatu, chini ya milima ya Udzungwa, reli mbili hukutana bila kuungana. Ya kwanza ni TAZARA, itokayo Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,067. Ya pili ni tawi la Reli ya Kati lishukalo kutoka Kilosa, na upana wake ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haizidi vidole vinne vya mkono. Kwa ajili ya vidole hivyo vinne, mzigo unaotoka kusini mwa Afrika kwenda Mwanza au Kigoma hauwezi kupitiliza. Hushushwa kutoka behewa moja na kupakiwa katika jingine. Kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa hapo mwaka 1998, miaka 22 baada ya TAZARA kukabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia.

Tazama jambo hili vizuri. Upande huu treni inatembea, upande ule treni inatembea, na madereva wote wanaijua kazi yao. Kinacholiwa ni muda wa katikati. Ukilifuata bonde kutoka hapo, ukapita Mang'ula na Ifakara hadi Mngeta na Mlimba, utakutana na hasara ya aina hiyo mara nyingi, katika miwa, katika mpunga, hata katika vipuri vya mashine. Viwanda vya Kilombero hupoteza mali nyingi nje ya geti kuliko ndani yake.

Watu wengi wakisikia Ifakara hufikiria mchele, au utafiti wa malaria uliolipeleka jina la mji huo hadi Ulaya na Marekani. Lakini bonde hili ni la viwanda pia, na kiwanda chake kikubwa kimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ina vinu viwili, Msolwa upande wa Wilaya ya Kilombero na Ruembe upande wa Kilosa, Mto Ruaha Mkuu ukipita katikati. Kampuni ilitaifishwa, vinu vikachakaa, na mwaka 1998 serikali ikauza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, ambayo leo ni mali ya Associated British Foods ya Uingereza. Wakati wa mauzo hayo uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Miaka michache baadaye ulivuka 100,000.

Mitambo ilikarabatiwa, ndiyo. Lakini kinu hakisagi hewa. Tani hizo zilipanda kwa sababu miwa iliongezeka, na sehemu kubwa ya miwa hiyo mipya ilitoka kwa wakulima wadogo wa vijiji vya jirani, wenye ekari mbili, tatu au tano. Hapo ndipo hesabu ya kiwanda ilipotoka mikononi mwa wahandisi na kuingia barabarani.

Muwa ukikatwa huanza kuharibika saa ile ile. Sukari inayotafutwa, iitwayo sukrozi, huanza kuvunjika na kuwa sukari nyepesi zisizogeuka chembe kiwandani. Bakteria nao huingia penye jeraha la panga na kutengeneza utelezi unaosumbua uchujaji. Jua kali likiongezeka, au muwa ukiwa umechomwa moto kabla ya kukatwa ili kuondoa majani na nyoka, uharibifu huenda mbio zaidi. Ndiyo maana viwanda hutaka muwa usagwe ndani ya siku moja, mbili zikizidi.

Fanya hesabu ndogo. Kwa kawaida tani 10 za miwa hutoa takriban tani moja ya sukari. Kinu kikisaga tani milioni moja katika msimu, na sukari inayopatikana ikashuka kutoka 10 hadi 9.5 kwa kila tani 100 za miwa, tani 5,000 za sukari zimepotea. Hakuna aliyeziiba. Zimekaa kwenye tela lililokwama kwenye tope, au shambani zikisubiri trekta lililokwenda kwa jirani kwanza.

Tena kinu cha sukari ni kama jiko la harusi: huwezi kulizima na kuliwasha kila dakika. Miwa hukatwakatwa na kukamuliwa, maji yake hupashwa moto pamoja na chokaa ili uchafu utuame, kisha huchemshwa mpaka yawe mazito na chembe zianze kushika. Moto wa kazi hiyo yote hutokana na makapi ya miwa yenyewe, ambayo huchomwa kwenye bwela kutoa mvuke na umeme. Miwa isipofika, makapi hayapatikani. Makapi yasipopatikana, mvuke unapungua. Kukatika kwa msururu wa matela kwa saa chache huzima mambo mengi kwa mpigo. Kwa upande mwingine, matela yakija yote asubuhi, yatapanga foleni kwenye mzani na miwa itachacha hapo hapo getini.

Mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, alipata umaarufu mwaka 1984 kwa kitabu cha hadithi kuhusu meneja wa kiwanda kinachokaribia kufungwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kila kazi yenye hatua nyingi ina hatua moja iliyo nyembamba kuliko nyingine zote, na saa ikipotea hapo imepotea kwa kiwanda kizima. Kununua mashine ya kasi kwa hatua nyingine yoyote ni kuongeza foleni tu. Wajapani nao, wakiongozwa na Taiichi Ohno wa Toyota, walijenga utaratibu wa kuleta kila kipuri saa kinapohitajika, kisirundikane ghalani. Utaratibu huo umefundishwa dunia nzima, na hata Wizara ya Viwanda ya Tanzania, kwa msaada wa Japani, imekuwa ikieneza mafunzo ya kaizeni, yaani uboreshaji wa kidogo kidogo, viwandani tangu 2013. Mkata miwa wa Msolwa hakuhitaji Ohno amwambie. Muwa hauna ghala. Ama ufike kwa wakati, ama ugeuke siki.

Wakulima wadogo wamelijua hilo kwa maumivu. Bei ya sukari ilipokuwa nzuri, watu walipanda miwa kwa wingi, wengine wakaacha kabisa mpunga na mahindi. Idadi yao ilipanda hadi kufikia maelfu kadhaa. Kinu hakikupanuka kwa kasi hiyo. Ikatokea misimu ambayo miwa iliyokomaa ilibaki shambani bila kukatwa kwa sababu nafasi ya kusaga ilikuwa imejaa, na moto wa kichaa ukipita, mkulima hubaki na siku mbili tu za kumtafuta mwenye tela. Kuna pia ubishi wa miaka mingi kuhusu maabara. Mkulima hulipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukari kilichopimwa, na mashamba madogo huvunwa kwa pamoja kama kitalu kimoja. Aliyetunza shamba lake na asiyelitunza hupimwa katika kikapu kimoja, kisha wote wawili hupewa karatasi yenye namba wasiyoiona ikipatikana. Hapo lawama huanza, na lawama ni gharama pia: mkulima asiyeamini kipimo haoni sababu ya kununua mbegu bora.

Mwaka 2021 kampuni na serikali zilikubaliana kujenga kinu kipya kikubwa, kinachojulikana kama K4. Lengo lililotangazwa ni kutoka uzalishaji wa tani takriban 127,000 za sukari hadi 271,000 kwa mwaka, na miwa ya wakulima wadogo kuongezeka zaidi ya maradufu. Habari njema. Ila tani milioni moja ya ziada ya miwa, ikibebwa kwa magari ya tani 20, ni safari 50,000, na zote zitapita kwanza kwenye njia za udongo kati ya mashamba kabla ya kuiona lami. Wahandisi wameongeza upana wa kinu; ile hatua nyembamba ya Goldratt imehamia kwenye makalavati ya vijijini.

Mvua ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ilitoa onyesho la bure. Mashamba nchini yalijaa maji, magari hayakuweza kuingia, viwanda vya sukari vikasimama au kupunguza kazi ilhali miwa ilikuwa imesimama shambani inaonekana kwa macho. Januari 2024 serikali iliweka bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo, lakini wauza maduka wengi waliuza kwa 4,000 na zaidi. Sukari ya nje ikaagizwa. Mama lishe wa Kariakoo aliyepandisha bei ya chai mwezi ule alikuwa analipia tope la shamba asilowahi kuliona.

Ndani ya kiwanda, tuseme haki, kuna mambo yanayofanyika vizuri. Makapi yanageuzwa umeme. Molasesi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, zamani ulikuwa karaha. Tangu 2013 kampuni ina mtambo wa kuutengenezea spiriti inayonunuliwa na watengenezaji wa vinywaji vikali. Kitu kilichokuwa uchafu kimepewa mnunuzi. Hiyo nayo ni tija, na haikudai hata muwa mmoja wa ziada.

Mpunga una tabia tofauti. Ukikauka vizuri unaweza kungoja miezi. Lakini nao una saa zake za hatari, na hizo ni zile za kati ya kuvuna na kukoboa. Mpunga unaotakiwa kukobolewa huwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Ukikobolewa mbichi, punje husagika; ukianikwa kwenye lami jua la saa saba mchana, hupasuka ndani kwa ndani, na nyufa hizo hazionekani mpaka mashine ianze kutema chenga. Mkulima huilaumu mashine. Mwenye mashine huulaumu mpunga. Mara nyingi wote wana haki nusu nusu.

Mashine nyingi za mitaani Afrika Mashariki ni za aina iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na Evaristo Engelberg wa Brazili: chuma kinachozunguka ndani ya chuma, maganda na pumba vikitoka kwa msuguano mmoja mkali. Ni imara, ni rahisi kutengeneza, na fundi wa Ifakara akiwa na spana na waya anaweza kuiamsha. Ila inavunja punje. Mashine za roli za mpira humenya ganda kwanza kwa upole, kisha hung'arisha katika hatua nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, kilo 100 za mpunga kwenye mashine ya kale zinaweza kutoa mchele kilo 58 au 60, ilhali mtambo mzuri hufikisha 65 au zaidi, na chenga zikiwa chache. Kwa magunia 1,000, tofauti ya kilo saba ni tani saba za mchele. Hakuna ekari iliyoongezwa wala tone la mbolea.

Mbegu pia ina neno lake. Kituo cha utafiti cha KATRIN, nje kidogo ya Ifakara, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilitoa mwaka 2002 aina ya TXD 306, maarufu SARO 5. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya harufu kiasi, nao ni ukweli wa ajabu kwa jina la kibiashara. SARO 5 ni fupi, hailali ovyo, na kwenye maji ya uhakika huzaa mara mbili ya aina iitwayo Supa na zaidi. Supa hunukia, na walaji wa Dar es Salaam wako tayari kulipia harufu. Mfanyabiashara asiye mwaminifu huchanganya aina mbili ghalani na kuuza zote kwa bei ya Supa. Punje zenye unene tofauti zikiingia pamoja kwenye mashine, moja inamenywa na nyingine inavunjika. Ukiongeza lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba ili lionekane moja kumbe ni moja na robo, utaona kwa nini mnunuzi wa Nairobi au Kigali hutaka kupima upya kila mzigo. Kupima upya ni saa nyingine iliyopotea.

Kwa miaka mingi mzigo huo ulikuwa na kikwazo kingine kabla haujafika kwa mnunuzi yeyote. Kati ya Ifakara na Ulanga palikuwa na kivuko tu. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, nayo ikawekwa lami, Umoja wa Ulaya ukichangia fedha. Wenye malori wa bonde hili huhesabu historia kwa vitu hivyo viwili: kabla na baada.

Hata hivyo kuna vikwazo ambavyo daraja haliondoi. Mngeta, magharibi ya Ifakara, lipo shamba la hekta zaidi ya 5,000 ambalo miaka ya 1980 liliendeshwa kwa ubia na Wakorea Kaskazini. Mwaka 2007 lilichukuliwa na Kilombero Plantations Limited, ubia wa kampuni ya Agrica na RUBADA, ile mamlaka ya bonde la Rufiji. Waliweka kinu cha kisasa na maghala, wakavutia fedha za mfuko wa uwekezaji wa Norwe, na wakawafundisha maelfu ya wakulima jirani kilimo shadidi, mbinu iliyozaliwa Madagaska kwa padri Mfaransa Henri de Laulanié: miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi, maji kidogo. Mavuno ya waliofuata mafunzo yalipanda sana. Kampuni pia iligombana na wanakijiji kuhusu ardhi na fidia, na mgogoro huo ulifika hadi kwenye ripoti za kimataifa.

Mwaka 2013 serikali, ikihofia bei ya chakula mijini, iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru. Mchele wa Asia ukafika bandarini, bei ya ndani ikaporomoka, na mpunga wa Kilombero, wa mwekezaji na wa mkulima wa ekari mbili, ukakaa ghalani ukitazamana na deni la benki. Kampuni haikupona kabisa. Mwaka 2019 iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ulikuwa na sababu nyingi mkasa ule, na si haki kuutwika uamuzi mmoja. Lakini yeyote anayejenga kinu Mngeta ajue kwamba anashindana na kinu cha Karachi, na kwamba refa yuko Dodoma.

Tuna jirani mwingine wa kuzingatia, Mang'ula. Wachina walipojenga TAZARA miaka ya 1970, waliacha hapo karakana iliyokuja kuwa kiwanda cha kutengeneza zana na mashine. Fikiria: katikati ya bonde lenye vinu vya sukari, mashine za mpunga na reli ndefu, kiwanda cha kuchonga vipuri. Kilibinafsishwa, uzalishaji ukasimama. Leo beringi ikivunjika kwenye kinu, mara nyingi safari yake huanzia China au India, hupita baharini, husubiri forodha Dar es Salaam, kisha hupanda lori. Mwaka 2021 meli moja, Ever Given, ilipokwama Mfereji wa Suez kwa siku sita, dunia nzima ilijifunza bei ya beringi iliyo mbali. Mafundi wa Ifakara hawakushangaa. Wao hungoja vipuri hata mfereji ukiwa wazi.

Na kama mtu anadhani kila zao la bonde linakimbizana na saa, aende kwenye mitiki. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianza kupanda miti hiyo miaka ya 1990, na mti wake huhitaji zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwa mbao ya kupelekwa India. Muwa hauwezi kungoja siku mbili. Mtiki unamngoja meneja mpaka astaafu. Barabara inayovipitisha vyote viwili ni ile ile.

Reli ingeweza kuipunguzia barabara hiyo mzigo. TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka; mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya 100,000. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China kuifufua, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Wakati huo huo reli ya kisasa, ambayo tangu 2024 inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inapita Kilosa juu ya vyuma vyenye upana wa milimita 1,435. Kwa hiyo gunia la mchele wa Mlimba likitaka kufika Dodoma kwa reli hiyo mpya, litapakiwa mara tatu: Mlimba kwenye kipimo cha 1,067, Kidatu kwenye 1,000, na Kilosa kwenye 1,435.